Bomba Lililopinda

Babu yangu, baba yake mama, ana trekta lililomtangulia mama kuzaliwa. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa wekundu umebaki kwenye pembe za ndani tu, kule ambako mkono wa mtu haufiki na jua haliingii. Kuku wa Bibi wanatagia kwenye kiti chake. Babu akitaka kuliwasha inabidi kwanza atoe mayai, ayaweke kwenye kofia, ampelekee Bibi jikoni, na Bibi anayapokea akisema, "Angalau linatulisha."

Nyuma ya trekta kuna jembe ambalo halilimi. Ni jino moja tu la chuma, nene, refu kunifika kiunoni. Linazama ardhini na kupasua udongo wa chini bila kuugeuza wa juu. Kwenye ncha yake Babu anafunga kipande cha chuma cha mviringo, na kwa umbo lake wanakiita tango. Trekta likivuta, juu unaona mchano mwembamba ambao baada ya siku chache hata mbuzi hautambui, lakini kule chini tango limeacha tundu laini kama njia ya fuko. Maji yaliyotuama shambani yanashuka kwenye tundu hilo na kwenda zake. Ikiwa kazi ni ya kulaza bomba, tango linafunguliwa, na bomba la plastiki linapitishwa kwenye mrija uliochomelewa nyuma ya jino. Trekta linasonga, ardhi inameza bomba kama uzi unavyofuata sindano. Hakuna kuchimba mtaro, hakuna kufukia.

Ndiyo maana watu wanamwita Mzee Jino. Mwenyewe kinywani amebakiwa na machache, na Fundi Baiskeli, jirani yetu, anasema jino zima la mzee ni lile la trekta tu. Babu hakasiriki. Anamwuliza, "Na wewe una baiskeli ngapi zenye breki?"

Udereva alijifunzia kwenye shamba kubwa la watu. Alianza kwa kuosha mashine, akaja kupewa usukani. Shamba lilipofungwa matrekta mazuri yakauzwa, hili likaachwa kwenye majani, injini yake ikiwa ndani ya ndoo. Babu alilinunua kwa bei ya chuma chakavu akalileta nyumbani kwa mkokoteni, kipande baada ya kipande. Walikuwa wameoana karibuni, na Bibi anasema alidhani ameolewa na muuza skrepa na nyumbani kwao hawakumwambia. Lakini ndiye aliyevisafisha vile vyuma kwa mafuta ya taa na kuvipanga kwenye mkeka kwa mpangilio ambao Babu aliutaka. Mpaka leo ukimwuliza springi fulani inakaa wapi anakuonyesha kwa kidevu, mikono yake ikiendelea kuchambua mchele.

Maji mengi ya bomba upande huu yamepita kwenye mrija wa Babu. Ya shule, ya zahanati, ya zile nyumba za juu zenye mageti. Ukitembea naye njiani anaweza kusimama katikati ya maongezi akapiga ardhi kwa kisigino na kusema, "Lipo hapa," halafu anaendelea na alichokuwa anasema. Baadaye zikaja mashine mpya zenye ndoo mbele, kazi zikaenda huko, na trekta likabaki na kuku.

Nyumba yetu iko chini ya mteremko, udongo wake mfinyanzi mtupu. Mvua zikikolea, maji hayatuingilii mlangoni. Yanajaa kwenye udongo wa kule juu, yanashuka chini kwa chini bila haraka, mpaka yanatokea sakafuni kama jasho. Chumba cha Babu na Bibi ndicho cha upande wa juu, kwa hiyo ndicho cha kwanza kulowa. Niliacha shule darasa la tano, mchana nipo nyumbani, na kazi yangu wakati wa mvua ni magodoro: likitoka jua nayatoa, likizama nayarudisha. Mwaka jana Bibi alikohoa mvua nzima. Usiku tulikuwa tunamsikia akijizuia ili asituamshe, na huko kujizuia ndiko kulikotuamsha. Zahanati walimpa dawa, lakini mganga alimwambia Babu kando kwamba kifua kile kinachohitaji ni pakavu.

Mjomba, mtoto wao wa kwanza, ni karani mjini na anakaa ghorofani. Alikuja Jumapili moja, bado ni kiangazi, akavuta kiti akamkalia mama yake karibu.

"Mama, mwaka huu sikuachi humu. Mvua ikianza kukolea tu nakuja na gari la rafiki yangu nakuchukua. Kuna kitanda, kuna dirisha, pakavu."

"Na baba yako?"

"Baba naye anakaribishwa."

"Kitanda ni kimoja," Babu alisema. Aliwahi kulala huko. "Nitalala juu ya friji?"

"Baba, tutapanga."

"Na mifugo? Na shamba? Huko ghorofani nitafanya nini mimi?"

"Utapumzika, mzee."

"Nimekwambia nimechoka?"

Mjomba alicheka, lakini hakurudi nyuma. Hakuwa mkorofi. Alikuwa ameogopa, na aliyeogopa ndiye mgumu zaidi kumgeuza. Bibi alikuwa anakunja nguo. Alipomaliza alizikunjua, akaanza upya. Tangu waoane hawajawahi kulala nyumba mbali mbali, isipokuwa alipokwenda kujifungua, na hata hapo Babu alilala chini ya dirisha la wodi mpaka mlinzi akamzoea.

"Nipe mpaka mvua hiyo," Babu alisema mwishowe. "Navuta njia tatu kule juu, maji nayakata kabla hayajafika hapa, nayapeleka korongoni. Ukija ukakuta sakafu imelowa, mchukue. Sitasema neno."

Mjomba alitazama nje, kwenye banda. Kuku mmoja alikuwa kwenye usukani.

"Kwa hilo?"

"Kwa hilo."

Fundi Baiskeli alikuja kusaidia, na alikuja na maneno yake. Walisafisha tangi la mafuta, wakatoa kiota cha panya kwenye bomba la moshi, wakaazima betri ya lori. Siku lilipowaka, lilitoa moshi mweusi hata Bibi akatoka jikoni kuangalia kama ni yeye ameunguza. Fundi alisema, "Mzee, limekufa au limefufuka?" Babu alikuwa ameweka kiganja juu ya bonati, hasikii kitu.

Kilichobaki kilikuwa udongo. Mfinyanzi ukiwa mkavu, tango linaupasua vipande na tundu linabomoka. Ukiwa chepechepe, magurudumu yanateleza na tundu linajiziba. Inatakiwa chini uwe laini na juu uwe umeshikana. Kila asubuhi Babu alikwenda juu na sululu, akatoa donge la chini, akalisokota katikati ya viganja liwe kama uzi. Uzi ukikatika anautupa. "Bado," anasema akipita jikoni, na Bibi anasema, "Haya."

Nilimwona Bibi siku hizo anavyotazama mawingu. Tulihitaji mvua kidogo ili udongo ukubali. Lakini mvua hiyohiyo ikizidi ndiyo ingekuja na gari la rafiki wa mjomba. Alikuwa anaiita kwa jicho moja na kuifukuza kwa jingine.

Manyunyu ya kwanza yakaja yakapita. Asubuhi ya Jumamosi Babu alisokota uzi wake ukawa mrefu kama mkia wa panya, akauinua juu ukaning'inia, haukukatika. Alienda kutoa mayai kwenye kiti.

Mjomba naye alikuwa amesikia huko mjini kwamba kwetu kumenyesha, akaja asubuhi hiyohiyo. Alikuta baba yake anachomeka vijiti juu ya mteremko, Fundi Baiskeli akimfuata na nyundo.

Vijiti vilikuwa vya kuonyesha lilipo bomba. Maji yetu yanatoka kwenye tanki lililo kule juu kabisa, na Babu mwenyewe ndiye aliyelilaza bomba kutoka tanki mpaka pembe ya jikoni, mjomba akiwa mchanga. Humohumo kwenye bomba hilo anachukulia maji Fundi Baiskeli na nyumba ya pili yake. Njia za kukata maji zilikuwa zipite kukingama mteremko kwenda korongoni, kwa hiyo zote tatu zilikuwa lazima zivuke juu ya bomba, na kina chake ni karibu kilekile. Jino likilikuta, nyumba tatu hazina maji, na maji ya tanki lote yanamwagika kwenye udongo uleule tunaotaka kuukausha. Hapo hakuna mvua ya kusubiri. Bibi angeondoka siku hiyohiyo.

"Hapa jino linapanda," Babu alikuwa anasema, "linavuka hewani, hapa linashuka tena. Katikati tunachimba kwa mkono."

"Lakini mzee, una uhakika?" Fundi aliuliza. "Ukilikata hilo, mke wangu anahamia kwako na ndoo zake."

"Bomba nimelilaza mwenyewe. Toka tanki mpaka jikoni, kama kamba. Mimi sijawahi kulaza bomba lililopinda."

Ilikuwa kweli kwamba mistari yake inajulikana. Hata wenye mashine mpya walikuwa wanakuja kumwuliza anafanyaje.

Bibi alikuwa ametoka jikoni, anajifuta mikono kwenye nguo. Alipanda taratibu, akasimama kupumua, akapanda tena. Akavitazama vile vijiti.

"Bomba halipo hapo."

"Mama watoto, wewe rudi, huku kunateleza."

"Halipo hapo, nakwambia. Limepinda."

Fundi Baiskeli aliishusha nyundo aliyokuwa ameinua.

"Limepindaje?" Babu aliuliza. "Nani alilipinda?"

"Mimi," Bibi alisema.

Dereva anayevuta jino hatazami gurudumu. Akitazama gurudumu anakwenda kama nyoka. Anachagua kitu kimoja mbele, mbali, anakikazia macho na kukiendea. Kwenye kazi za watu Babu alichomeka fimbo yenye kitambaa. Siku ya bomba la nyumbani hakuchomeka kitu, kwa sababu Bibi alikuwa amesimama kwenye pembe ya jikoni, mtoto mgongoni, kilemba cha njano kichwani, anaonekana mpaka kule tanki.

"Si ulinilenga mimi?" Bibi aliuliza.

"Nilikulenga wewe. Ulikuwa umesimama vizuri."

"Nilisimama vizuri mwanzoni. Halafu nikahama."

"Ukahama kwa nini?"

"Siafu."

Babu aliitazama miguu ya Bibi.

"Nilikuwa nimesimama juu ya njia ya siafu, sijaona. Wakaanza kupanda miguuni. Sasa nina mtoto mgongoni, kuinama siwezi. Vibarua wako wote macho kwangu. Ulitaka nipandishe nguo mbele ya watu? Nikasogea kidogo. Wakanifuata. Nikasogea tena, nikasogea, mpaka pale palipokuwa na kisiki. Nikiinua uso naona trekta nalo limegeuka, linanijia mimi. Kila nikisogea, linasogea."

"Nilidhani umeona jiwe," Babu alisema polepole. "Nilidhani unanionyesha pa kupita. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana akili, hata kupiga kelele hapigi."

"Na mimi nikadhani unajua unachofanya. Wewe si dereva?"

"Sasa lilitokeaje jikoni?"

"Siafu walipoisha nilirudi pangu. Nawe ukarudi."

Fundi Baiskeli alikaa chini kwenye majani, ameshika tumbo.

"Miaka yote hii," Babu alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulishuka kwenye trekta ukawaambia vibarua, mnauona mstari? Wakakwambia, umenyooka, bosi. Ulikuwa na furaha. Nikuharibie?"

"Basi jioni."

"Jioni nilifungua koki maji yakatoka. Nikawa sina tena cha kukwambia."

Mjomba alikuwa amesimama na viatu vyake vya ofisini kwenye matope, anamsikiliza mama yake kama anasikiliza habari za watu wengine. "Huyo mtoto mgongoni ni nani?" akauliza.

"Wewe, nani mwingine? Ulilala tu. Mmoja alikuuma hapa," Bibi akainama kidogo, akamgusa nyuma ya goti juu ya suruali. "Ukashtuka, ukaendelea kulala."

Babu hakukubali kirahisi. Alitaka kwanza pachimbwe kwenye kijiti chake. Mjomba akavua koti, akachukua jembe, akachimba mpaka jasho likampofusha. Mfinyanzi mtupu. Babu akashuka mwenyewe shimoni akapapasa kwa mikono pande zote, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wa koti, akakaa humo kitambo kabla ya kutoka.

"Haya," akasema. "Nionyeshe."

Bibi alimtuma apande akasimame kwenye tanki, alikoanzia siku ile. Yeye akashuka mpaka mahali pa kile kisiki, kilichoungua zamani, akatafuta kwa mguu mpaka akaridhika. Wakatazamana, mmoja juu, mmoja chini. Bibi akamwambia Fundi apite katikati yao na kijiti, na kila njia inapovuka akachomeke pale ambapo kijiti kinamziba Babu uso.

"Sogea. Hapana, bado namwona sikio. Hapo. Hapo simwoni."

Mjomba alichimba hapo. Shimo lilipomfika magotini aliacha jembe akatumia vidole, na bomba likatokea, jeusi, zima, limelala upande ambao hakuna aliyelitarajia isipokuwa mtu mmoja. Babu alishuka kutoka tanki akaja kulitazama. Alilipangusa udongo kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa karibu na nikaona hakuwa na aibu. Alikuwa anatabasamu na yale meno yake machache.

"Kumbe nilikuwa nakufuata," akasema.

"Ulikuwa unanifuata. Na siafu nao."

Walivuta njia zote tatu siku hiyo. Trekta lilianzia korongoni, chini, likipanda taratibu kukata mteremko, likatetemeka, likazima mara mbili, likawaka. Fundi alikuwa amechomeka fimbo yenye kitambaa kama inavyotakiwa, lakini Babu aliing'oa akamwita Bibi asimame. Bibi akauliza, na siafu je? Babu akasema, safari hii sema. Akasimama, na hakusogea hata nzi alipomtua usoni. Kila jino lilipofikia vijiti lilipanda, likavuka bomba hewani, likashuka upande wa pili, na hapo katikati mjomba na Fundi wakaunganisha kwa jembe na kipande cha bomba pana. Mjomba aliondoka jioni na malengelenge viganjani, akaahidi kwamba neno lake liko palepale.

Mvua kubwa ilikuja wiki iliyofuata na haikukata. Babu alikuwa anakwenda korongoni na mwavuli kutwa mara kadhaa kutazama matundu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili tundu moja likaanza kudondosha, tone, tone, maji ya rangi ya chai. Kisha likatiririka unene wa kidole, na la pili likafuata. La tatu lilikataa; nadhani lilibomoka ndani. Babu alisimama mbele ya hayo mawili muda mrefu sana, mwavuli ameusahau begani, analowa.

Mjomba alikuja Jumamosi na gari la rafiki yake, kama alivyosema. Hakusalimia sana. Alivua viatu mlangoni, akaingia chumbani kwa wazazi wake na soksi, akatembea sakafu nzima, ukuta kwa ukuta, anakanyaga kwa nguvu kama anayepima kiwanja. Sisi tulibaki mlangoni. Alikaa kitandani, akainua mguu mmoja akatazama soksi, akainua wa pili.

"Hii imelowa," akasema.

"Umekanyaga wapi?" Babu akauliza kwa sauti ndogo.

"Kule nyuma ya kabati."

"Kule ni njia ile iliyokataa. Nitaivuta tena udongo ukikubali."

"Nyuma ya kabati halali mtu," Bibi alisema. "Labda wewe ukija."

Mjomba alishika soksi yake mkononi. Akaweka kiganja sakafuni chini ya kitanda, upande anaolala mama yake, akakiacha hapo. Akakigeuza akakitazama. Mvua ilikuwa inapiga bati na ilibidi aseme kwa nguvu ili asikike, lakini hakusema kwa nguvu.

"Ulikohoa jana?"

"Sikukohoa. Mwulize huyu," Bibi akanionyesha mimi.

Nilitikisa kichwa kwamba hakukohoa.

"Basi kaa, mama," akasema. Aliona begi kubwa limefungwa juu ya kitanda, nyuma yake, akalivuta. "Nawe ulikuwa umeshafungasha. Toa nguo zako."

"Nguo zangu ziko kabatini," Bibi alisema. "Humo ni maharage, na blanketi la watoto wako. Nasikia ghorofani kuna baridi."

Mjomba alilinyanyua begi kwa mkono mmoja, likamshinda, akatumia miwili.